Kwanza Apimwe Bwana

Josepha binti Silasi alirudishwa kwao na masista kwa kosa la kucheka. Sisi wa Gongoni, mjini Tabora, tuliomjua ukubwani tulikisikia kisa hicho kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa mwaka wa pili wa kujiandaa kuwa sista, pale Tabora, na alikuwa na kipaji cha kuiga mwendo wa watu. Siku moja, wakati wa kimya cha tafakari, aliiga mwendo wa Mama Mkuu akipanda ngazi na goti bovu. Alipogeuka alimkuta Mama Mkuu mwenyewe nyuma yake. Josepha hakuomba radhi. Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata alipewa nauli, rozari mpya na barua kwa baba yake iliyosema kwamba Mungu ana njia nyingi za kuita watu, na hii ya masista haikuwa ya Josepha.

Baba yake, mkulima wa Ndala na mkatoliki asiyekosa misa, hakumpiga wala kumkaripia. Aliacha tu kuzungumza naye. Baada ya miezi miwili ya hali hiyo akampeleka kwa mjomba wake Tobias, fundi seremala wa reli huko Kaliua, akakae mbali na macho ya majirani. Ilikuwa mwaka 1950. Njia ya reli ya kwenda Mpanda ilikuwa mpya kabisa, na Kaliua, iliyokuwa kituo cha kupitia tu, ilikuwa imeanza kuota maduka.

Huko akapata kazi ya kufua na kupiga pasi kwa Mwingereza mmoja aliyenunua nta kwa ajili ya kampuni ya Liverpool. Jina lake Bwana Whitlow, lakini watu walimwita Bwana Upesi, kwa kuwa ndilo neno alilolipenda. Alikuwa mwembamba, mwekundu shingoni, na Kiswahili chake alikitoa katika kitabu kidogo ambacho sentensi zake zote zilikuwa za kuamrisha. Lete. Ondoa. Pindua. Funga. Kwa miezi mitano hakuwahi kumwambia Josepha neno lisilokuwa amri, na Josepha hakumwona kama mtu mbaya. Alimwona kama mtu aliyeuziwa nusu ya kitabu.

Nta ililetwa na warina asali wa porini upande wa mto Ugalla. Walitembea siku nne na mabonge ya nta vichwani, na kiongozi wao alikuwa Mzee Masolwa, mtu mpole wa sauti ndogo, aliyekuwa na mizinga zaidi ya mia mbili juu ya miti. Mkalimani alikuwa karani aitwaye Twalibu, ambaye alijisifu kwamba hakuongeza wala kupunguza neno la mtu.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba Masolwa na wenzake wapatao thelathini walitua mizigo mbele ya ghala. Bwana Whitlow akatoka akiwa na panga mkononi. Mwaka uliopita bonge moja lilifika Liverpool likiwa na nusu tofali ndani yake, na barua aliyoandikiwa ilikuwa bado inamuuma. Alisema kwa Kiingereza jambo fulani, na Twalibu akalitafsiri bila kuongeza wala kupunguza:

"Bwana anasema hana siku nzima ya kuwapa. Anataka kuona mmeficha nini ndani."

Kisha Bwana Whitlow akalipasua bonge la Masolwa kwa panga.

Ndani hamkuwa na kitu ila nta safi ya rangi ya dhahabu. Masolwa aliviangalia vipande viwili kwa muda. Hakuwa amesalimiwa. Hakuwa ameulizwa ametoka wapi, wala kama huko alikotoka watu wanaendeleaje. Alikuwa ameitwa mwizi mbele ya watoto wa dada yake. Akaviokota vipande vyake, akavifunga upya kwa kamba ya gome, akaondoka. Wenzake thelathini wakabeba mizigo wakamfuata. Walikwenda kukaa ng'ambo ya reli, mahali ambapo Bwana Whitlow angeweza kuiona nta yote ile kila alipotazama dirishani, na kwa siku tatu hawakuuza hata kipande.

Siku ya pili Twalibu aliomba uhamisho wa kwenda Mpanda. Siku ya tatu Josepha, aliyeyaona yote akiwa na pasi mkononi, alisema kwa Kiingereza alichofundishwa na sista mmoja wa Ireland, "Bwana, ukiniruhusu nitakwenda kuzungumza nao."

Bwana Whitlow alimtazama kama mtu aliyesikia kabati likiongea. "Unajua Kiingereza?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bwana hakuniuliza. Bwana aliniambia nipindue tu."

Alivuka reli akiwa bado amevaa aproni ya kufulia. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Masolwa akajibu. "Umetumwa?"

"Nimetumwa, lakini si kwa maneno niliyonayo."

Aliulizwa habari za Ndala, za baba yake, za mvua. Alijibu zote, akauliza na yeye za Ugalla. Jua lilikuwa limesogea sana walipofika kwenye habari ya bonge lililopasuliwa. Hapo ndipo Josepha, kwa maelezo yake mwenyewe, alipofungua mdomo aseme ukweli ukatoka uongo, na uongo ulikuwa mzuri mno kuurudisha.

"Baba," alisema, "huyu bwana hakukutukana. Kwao Uingereza, mali ya maana haipokelewi bila kukatwa. Hukatwa na watu wawili, mwenye mali na mnunuzi, mikono yote kwenye kisu kimoja. Ndivyo wanavyofanya hata arusini, bwana arusi na bibi arusi hukata pamoja mkate mkubwa mtamu. Kosa lake ni kwamba alikata peke yake. Ni kijana, amekaa mbali na wakubwa wake, amesahau."

Masolwa alifikiri. "Sasa katika kukata huko, mimi ni bwana arusi au bibi arusi?"

"Hilo hawakunifundisha, baba."

"Na mizani?" mzee akauliza. "Mnunuzi wa kabla yake alikuwa na mizani inayosinzia. Nta ya mtu inapanda nzito, inashuka nyepesi."

Josepha aliomba apewe muda wa kuvuka reli tena. Akiwa njiani akatunga desturi ya pili.

Kwa Bwana Whitlow alifika na uso mzito, kama mtu aliyetoka kwenye baraza la watemi. Alimweleza kwamba kwa Wanyamwezi ni mwiko mgeni kukata mali ya mrina asali peke yake. Mkono wa mwenye mali lazima uwe kwenye mpini, la sivyo nyuki huhama. Tena, kabla ya kupima nta, mnunuzi hupimwa yeye kwanza, mbele ya watu wote, mara mbili: kwenye mizani ya vifurushi ya stesheni, halafu kwenye mizani yake mwenyewe. Na kabla ya hayo yote huuliza maswali matano: habari za nyumbani, za mvua, za nyuki, za njia, na za wagonjwa. Majibu yasubiriwe mpaka mwisho.

"Nipimwe mimi?" Bwana Whitlow akauliza.

"Wewe, Bwana. Ni desturi ya zamani sana."

Mtu huyu alikuwa ametazama nta ng'ambo ya reli kwa siku tatu. Alichukua daftari akaandika yote, na mbele ya neno nyuki akapiga mstari mara mbili.

Wenzake Masolwa nao walitaka kujua mzungu anapimwa kwa nini. Josepha aliwaambia kwamba Waingereza wakiwa ugenini hupimwa kila msimu ili wenyeji waone kama wamenenepa kwa mali ya watu. Waliona ni desturi ya haki kabisa, wakashangaa kwamba wazungu wamekuwa nayo siku zote na hawakuitaja.

Basi asubuhi yake Bwana Whitlow alipanda mizani ya stesheni, kofia mkononi, mbele ya watu thelathini na steshenimasta. Ratili mia na ishirini na nane. Wakamfuata hadi ghalani, akapanda yake. Ratili mia na ishirini na nane. Watu wakanong'ona kwa kuridhika, kisha wakaanza kumhurumia, maana ulikuwa uzito wa msichana. Mama mmoja akamletea kibuyu cha asali. Bwana Whitlow alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa usiku uliotangulia, akidhani ni zawadi ya heshima. Hakuna aliyemweleza kwamba ilikuwa dawa ya kunenepa.

Kisha yeye na Masolwa wakashika mpini mmoja, wakakata.

Tangu siku hiyo Josepha hakushika tena pasi. Kazi ilikuwa kukalimani, na alikalimani kwa namna yake. Bwana akisema, "Mwambie aache hadithi aje kwenye bei," Josepha alisema, "Bwana anasema hadithi yako ni nzuri, anaomba umalizie baada ya bei, asije akaisikiliza nusu." Masolwa akisema, "Huyu leo ana uso wa fisi aliyenyeshewa," Josepha alisema, "Mzee anauliza kama Bwana amelala vizuri." Nta ikaingia ghalani nyingi kuliko miaka yote. Kampuni ikaandika barua za sifa. Na Bwana Whitlow, aliyekuwa akihesabu maswali matano kwa vidole nyuma ya mgongo, alianza kidogo kidogo kuyasikiliza majibu. Msimu wa tatu aliuliza swali la sita ambalo hakuna aliyemfundisha: mguu wa mke wa Masolwa umepona? Alikuwa amekumbuka tangu mwaka uliopita kwamba mama huyo aliangukiwa na mzinga. Josepha alisimama hapo bila kazi, kwa sababu bwana alikuwa ameuliza kwa Kiswahili, na hakukuwa na amri ndani yake.

Lakini alikuwa mtoto wa Ndala. Pasaka ya mwaka 1952, padri alipofika Kaliua kuungamisha, Josepha alipiga magoti akasema amesema uongo.

"Mara ngapi, mwanangu?"

"Upande gani, Padri? Kwa bwana au kwa wazee?"

Padri alikuwa Mholanzi mwenye umri mkubwa na masikio mazito, na Josepha alilazimika kueleza kisa kizima kwa sauti iliyosikika mpaka nje, ambako watu wa foleni walikuwa wamesogea. Mwishoni padri akasema malipizi ni kusema ukweli kwa mmoja wao, achague mwenyewe nani. Josepha alidai daima kwamba sauti ya padri ilitetemeka, na kwamba haikuwa kwa hasira.

Alimchagua Masolwa. Alimweleza yote: kisu, mizani, maharusi, hata kisa cha masista. Alilia kidogo, maana alimpenda mzee huyu aliyemwita mwanangu wakati baba yake mzazi alikuwa bado hajamwandikia hata barua.

Masolwa alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Hili ni jambo gumu," alisema. "Mwaka jana watu wa Usinge waliniuliza desturi ya kupima mnunuzi ilitoka wapi. Niliona aibu kusema ni ya wazungu. Nikawaambia ni yetu. Niliwaambia nilimwona babu yangu akimpima Mwarabu."

"Baba, babu yako alimpima Mwarabu?"

"Babu yangu hakuwahi kuona mizani." Akakuna kidevu. "Lakini watu wa Usinge wameshaanza kuwapima wanunuzi wao. Wakinisikia nageuza maneno nitakuwa mtu wa namna gani? Wewe nenda kasali sala zako. Hili sasa ni la wazee."

Mwaka 1953 ikaja barua kwamba mkubwa wa kampuni, Bwana Ormerod, anatoka Liverpool kuja kujionea mwenyewe wenyeji ambao Bwana Whitlow aliandika habari zao kwa ufundi mkubwa. Alishuka kwenye treni ya kutoka Tabora mwezi wa nane, na behewa likainuka kidogo. Alikuwa mtu mkubwa kwa kila upande, mwenye suti nyeupe na leso ya kujifutia jasho, na wazee zaidi ya sitini walikuwa wamekusanyika kumwona. Salamu zilikwenda vizuri. Maswali matano yalikwenda vizuri. Kisha watu wote wakageuka kutazama mizani.

Bwana Ormerod akaitazama naye. "Waambie," alimwambia Josepha kwa sauti ya chini, "kwamba mimi sitapimwa kama mzigo wa pamba."

Bwana Whitlow aligeuka rangi. Josepha akasema kwa Kiswahili, "Bwana mkubwa anasema anaona haya. Yeye ni mzito kuliko wote waliopo hapa, hapendi kuwaaibisha wenyeji wake."

Wazee waliguna kwa kuguswa. Masolwa akasimama, akaegemea fimbo yake, akasema polepole ili mkalimani asipitwe na neno:

"Mwambie asiwe na haya. Mwambie zamani watemi wetu walipimwa kila mavuno. Mti uliwekwa juu ya kichuguu, mtemi akakaa upande huu, ndama akafungwa upande ule. Mtemi akishindwa na ndama, watu walijua mwaka huo kutakuwa na njaa. Akimshinda ndama, walicheza ngoma siku tatu. Wembamba hatuwapimi kwa furaha. Huyu kijana wetu," akamwonyesha Bwana Whitlow, "tunampima kwa huruma tu."

Josepha aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo, akazaa, akazika, na alisema hakuna kitu kilichowahi kumgharimu nguvu kama kutafsiri maneno yale bila kucheka. Hapakuwa na ndama. Hapakuwa na kichuguu. Mzee alikuwa amelitunga lote pale aliposimama, na alikuwa akimtazama usoni bila kupepesa, aone kama masista walimrudisha kwa haki. Josepha aliuma shavu la ndani mpaka akaonja damu. Akatafsiri kila neno, bila kuongeza wala kupunguza, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

Bwana Ormerod aliacha kujifuta jasho. "Mtemi?" aliuliza.

"Ndiyo, Bwana. Mtemi."

Alivua koti akampa Bwana Whitlow, akapanda. Mawe ya mizani hayakutosha, ikabidi mengine yaazimwe stesheni. Ratili mia mbili na sabini na nne. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakapiga makofi ya heshima yale ya mikono iliyokunjwa kidogo, na mkubwa wa Liverpool akasimama juu ya mizani akiwapungia mkono, machozi yakimlengalenga. Mtu mmoja alimpiga picha.

"Mizinga yetu mingapi imo humo ndani?" Masolwa akauliza kwa Kinyamwezi, taratibu.

"Mzee anasema umewaheshimu sana," Josepha akatafsiri, na mambo yakawa yamerudi kawaida.

Baada ya miezi kadhaa jarida la kampuni lilifika Kaliua. Lilikuwa na picha ile, na maelezo marefu juu ya desturi ya kale ya kumpima mtemi kwa ndama. Bwana Whitlow alilisoma mara mbili. Kisha akalisoma tena akiwa na daftari lake la zamani pembeni, akamwita Josepha. Alikuwa amekwenda Usoke wiki iliyopita, akamuuliza mchungaji mzee wa kanisa la Moravian, Mnyamwezi aliyezaliwa kabla ya Wajerumani. Mchungaji alikuwa hajawahi kusikia habari ya ndama, wala ya kisu, wala ya nyuki kuhama.

"Josepha," alisema, na safari hii alikuwa akisema Kiswahili, "hizi desturi ni za nani?"

Josepha aliona hakuna njia ya kupitia pembeni. "Ni zangu, Bwana. Ile ya ndama ni ya Mzee Masolwa."

"Zote?"

"Salamu ni za kweli, Bwana. Ila idadi ya maswali niliikata. Ya kweli hayana hesabu. Niliona Bwana hutaweza."

Alimweleza na yale aliyowaambia wazee juu ya Waingereza, maharusi na kunenepa kwa mali ya watu. Bwana Whitlow alikwenda dirishani akakaa huko akitazama reli. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Josepha alidhani amemliza. Alipogeuka uso ulikuwa mwekundu kama shingo, na hakuweza kusema kwa kicheko. Alipoweza, alisema jambo moja tu:

"Usimwambie Bwana Ormerod. Mwezi ujao anatoa hotuba juu ya jambo hili."

Bwana Whitlow aliondoka mwaka 1956, akahamishiwa nchi nyingine. Warina asali walikuja stesheni kumuaga, na treni ilichelewa dakika kumi kwa sababu alikuwa hajamaliza kuulizia wagonjwa. Aliyekuja baada yake alikuwa na Kiswahili kizuri cha shule na hakutaka mkalimani. Josepha hakumlaumu. Wakati huo alikuwa ameshaolewa na Raymundi, mpiga bendera wa reli, na Raymundi alipohamishiwa Tabora walipanga nyumba Gongoni. Baba yake alikuja kumwona mjukuu wa kwanza. Alikaa siku nzima bila la kusema, kisha akamwomba binti yake amwonyeshe jinsi Mama Mkuu alivyopanda ngazi.

Huko mjini alipata kazi hospitalini, akikalimani kati ya madaktari na wagonjwa waliotoka vijijini. Tulidhani angeendelea na michezo yake. Hakuendelea. Daktari akisema jambo, Josepha alilisema vilevile, baya likiwa baya, na mgonjwa akijibu, alilirudisha vilevile. Mke wangu alimuuliza siku moja kwa nini huko hatungi kitu, mbona Kaliua alitunga mpaka nyuki.

"Kule walikuwa wanagombania nta," Josepha alisema. Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua kichwa. "Huku ni uhai wa mtu, na jioni nikirudi nyumbani miguu inauma. Sijui kwa nini maneno ya mtu yakiwa kamili yanakuwa mazito hivi."